Mpiga drams wa R.E.M. alipata sawa na mwimbaji: historia ya bendi kwa kijana aliyeuliza

Swali lenyewe: "Shikamoo kaka. Mi napiga drams kwenye bendi ya watu wanne hapa Arusha, tunapiga roki. Tumesharekodi nyimbo sita, sasa mwimbaji anasema maneno kaandika yeye kwa hiyo nyimbo ziandikwe jina lake, mpiga gitaa naye anadai muziki ni wake. Mi na wa besi tumebaki tunaangaliana. Kuna mtu kaniambia R.E.M. walikuwa wanagawana sawa kwa sawa mpaka mpiga drams. Kweli au stori tu? Na kama kweli mbona huyo mpiga drams aliacha bendi? Mi nawajua kwa Losing My Religion tu, nipe historia yao kwa urefu."

Marahaba mdogo wangu. Ni kweli kabisa. Chukua albamu yoyote ya R.E.M. toka ya kwanza 1983 mpaka ya 1996, angalia watunzi, utakuta majina manne yamepangwa kwa alfabeti, Berry, Buck, Mills, Stipe, na huyo Berry anayetangulia ndo mpiga drams, Buck ni wa gitaa, Mills wa besi, Stipe mwimbaji. Karibu nyimbo zao zote za asili za kipindi hicho ziko hivyo, hata zile ambazo kila mtu anajua zilitungwa na mmoja wao chumbani kwake. Na sidhani kama unaweza kuielewa historia yao bila hilo jambo, kwa hiyo nitakupa historia yote lakini nitakuwa narudi kwa Bill Berry kila mara, maana ndo unayemuulizia na kiukweli ndo mtu ambaye watu wengi wanamruka wakisimulia hii bendi.

Tuanze Athens, ile ya jimbo la Georgia kusini mwa Marekani, siyo ya Ugiriki. Mji wa chuo kikuu, siyo mji mkubwa, ila pale mwishoni mwa miaka ya 70 tayari palikuwa na vijana wanaopiga muziki wa ajabu ajabu, B-52's walitokea hapohapo, na Pylon pia. Peter Buck alikuwa anauza santuri kwenye duka linaitwa Wuxtry, Michael Stipe alikuwa mwanafunzi wa sanaa anakuja pale kununua, wakagundua kila santuri nzuri ambayo Buck anataka kujiwekea mwenyewe huyu dogo ndo anaichagua, urafiki ukaanzia hapo. Upande wa pili kuna Bill Berry na Mike Mills, hawa walisoma pamoja sekondari mji wa Macon, na mwanzoni walikuwa hawapatani hata kidogo. Siku moja kila mmoja akaalikwa kwenda kupiga muziki mahali, Mills kufika akamkuta Berry kakaa kwenye drams, akataka kugeuza arudi zake nyumbani. Akabaki. Toka siku hiyo besi na drams zikawa kitu kimoja, na wewe ukiwa mpiga drams unajua besi na drams zikishashikana bendi nzima inasimama.

Shoo ya kwanza walipiga tarehe 5 Aprili 1980, kwenye sherehe ya birthday ya rafiki yao, ndani ya kanisa la zamani ambalo lilikuwa limegeuzwa nyumba ya kupanga. Hata jina la bendi hawakuwa nalo bado, baadaye wakafungua kamusi wakachagua R.E.M. bila mpango wowote. Halafu wakaanza kuzunguka. Naomba hapa usipite haraka maana watu wanaona mafanikio ya 1991 wanadhani ni bahati ya wimbo mmoja. Walizunguka majimbo ya kusini na van moja kuukuu ya bluu, inaendeshwa na meneja wao Jefferson Holt, posho ya chakula dola 2 kwa mtu kwa siku, wanapiga kwenye vilabu vidogo na kwenye migahawa ya pizza, popote watakapofunguliwa mlango. Kipindi kile bendi za aina yao hazikuwa na njia ya kupita, hakuna mtandao wa kumbi wala mapromota wa muziki huo, kwa hiyo njia waliitengeneza wao kwa kurudi mji uleule mara ya pili, ya tatu, ya nne, na kila wakirudi watu wameongezeka.

1981 wakatoa singo ya kwanza, Radio Free Europe, walirekodi na Mitch Easter kwenye studio yake ya nyumbani huko North Carolina. Kopi 1,000 za mwanzo, na kati ya hizo 600 ziligawiwa bure kwa redio na waandishi. Zikaisha, wakachapa nyingine 6,000. Waliozishika zaidi ni redio za vyuo, zile zinazoendeshwa na wanafunzi, ambazo hazikuwa na bosi wa kuwaambia cheza hiki usicheze kile. Hiyo mnayoiita leo roki mbadala ilikulia kwenye hizo redio, na R.E.M. ndo walikuwa watoto wao wapendwa.

Sasa angalia mchango wa mpiga drams usiosikika kwenye santuri. Berry kule Macon alikuwa amefanya kazi kwenye ofisi ya kutafutia bendi shoo, kazi ndogo tu za kutumwatumwa, akafahamiana na Ian Copeland. Ian ni ndugu wa Stewart Copeland, mpiga drams wa The Police, na ndugu yao mwingine Miles ndo mwenye lebo ya I.R.S. Mei 1982 R.E.M. wakasaini I.R.S., wakati RCA ambayo ni lebo kubwa zaidi ilikuwa inawataka. Mwezi wa 8 mwaka ule wakatoa Chronic Town, santuri fupi ya nyimbo tano. Na Agosti 1983 walikuwa wanafungua shoo ya The Police kwenye uwanja wa Shea, New York. Unaona? Mtu wa nyuma kabisa stejini ndo alikuwa na mtu wa kumpigia simu.

Kuna kisa cha kurekodi albamu ya kwanza ambacho nataka ukijue maana kinakuhusu. Lebo iliwapeleka kwanza kwa prodyuza anaitwa Stephen Hague, huyu alikuwa anapenda kila kitu kiwe sahihi kama saa, akamrudisha Berry kupiga wimbo uleule mara nyingi mno mpaka jamaa akakata tamaa, halafu akachukua zile rekodi akaongezea vinanda bila kuwauliza. Bendi nzima ikakataa. Siyo Berry peke yake alalamike huku wenzake wanamwambia vumilia, hapana, wote wanne waliiambia lebo hatuko tayari, turudisheni kwa Mitch Easter. Wakarudishwa, safari hii Easter na mwenzake Don Dixon, studio ya mji wa Charlotte. Iliyotoka ni Murmur, Aprili 1983, na wakosoaji wa jarida la Rolling Stone wakaichagua albamu bora ya mwaka, mwaka ambao Thriller ya Michael Jackson ilikuwa imeshika dunia nzima. Kwa mauzo ilikuwa kitu kidogo tu, kama kopi laki mbili, lakini kila kijana aliyekuwa na gitaa Marekani aliisikia. Ukiisikiliza leo Stipe anaimba kama anajisemea mwenyewe, maneno huyapati, gitaa la Buck linachambuliwa uzi mmoja mmoja badala ya kukwanguliwa, besi ya Mills inaimba, na Berry anapiga kidogo sana, hapigi kitu cha kujionyesha. Perfect Circle iliyomo humo muziki wake ni wa Berry, na ni wimbo wa piano.

Albamu zilizofuata nazipitia haraka. Reckoning 1984. Fables of the Reconstruction 1985, waliirekodi London kwenye baridi na huzuni na inasikika hivyo, mi naipenda ila siyo ya kuanzia. Lifes Rich Pageant 1986, prodyuza Don Gehman alimbana Stipe atamke maneno yasikike na drams zikaletwa mbele, hii ndo ya kwanza kupata cheti cha dhahabu cha mauzo Marekani. 1987 Document, hapo ndo anaingia Scott Litt ambaye alitengeneza nao albamu sita mfululizo, na The One I Love ikaingia kumi bora, ikafika namba 9. Rolling Stone wakawaweka kwenye jalada kama bendi bora ya roki Marekani. Hesabu mwenyewe, toka kwenye ile birthday ni miaka saba na albamu tano.

1988 wakahamia Warner Bros., Green ikatoka siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani, kisha karibu mwaka mzima wa 1989 wakazunguka kwenye kumbi kubwa. Waliporudi walikuwa hoi. Wakaamua hawataki ziara tena kwa muda, na wakabadilishana vyombo ili kitu kiwe kipya, Buck akaweka chini gitaa la umeme akajifunza mandolini, Mills akakaa kwenye kinanda, Berry akashika besi kwenye baadhi ya nyimbo. Sasa Losing My Religion unayoijua ilizaliwa hapo: Buck anaangalia TV huku anajifunzajifunza mandolini, kaseti inarekodi, kesho yake akisikiliza kuna kipande kizuri kimejificha katikati ya makosa. Kwa watu wa kusini mwa Marekani hayo maneno maana yake ni kufika mwisho wa uvumilivu, mtu kashindwa kabisa kujizuia, haizungumzii mtu kuacha dini kama wengi huku kwetu tunavyodhani. Wimbo hauna kibwagizo cha kueleweka, unaongozwa na mandolini, lebo ilisita kuutoa kama singo ya kwanza. Ukafika namba 4 Marekani, albamu Out of Time ya 1991 ikawa namba 1 Marekani na Uingereza, ikaleta Grammy tatu, na yote hayo bila kufanya ziara.

Sasa fikiria, kama R.E.M. wangekuwa na utaratibu anaoutaka mpiga gitaa wenu, hela ya mandolini ile ingekuwa ya Buck peke yake na maneno ya Stipe. Wengine wawili wangebaki na mshahara wa stejini, na stejini kwenyewe hawakwenda! Lakini majina yalikuwa manne.

Halafu mwaka uliofuata mpiga drams akalipa. Automatic for the People, 1992, jina walilitoa kwenye mgahawa mmoja wa Athens, hiyo ndo kauli mbiu ya mwenye mgahawa kwa wateja wake. Humo kuna Everybody Hurts, na huo wimbo kwa sehemu kubwa ni wa Bill Berry. Ndiyo, ule wimbo ambao umewafariji watu dunia nzima umeandikwa na mpiga drams, na cha ajabu sehemu kubwa ya wimbo drams hazipo, kuna kimashine cha bei rahisi kinagonga taratibu, drams zenyewe zinaingia baadaye. Vyombo vya nyuzi kama fidla vilipangwa na John Paul Jones, yule wa besi wa Led Zeppelin. Man on the Moon nayo ilianzia kwa Berry, alikuja na kodi (chords) mbili tu za gitaa, C kwenda D, hajui azifanyie nini, wenzake wakazimalizia. Mtu anayejua jina lake litaandikwa kwa vyovyote vile haoni aibu kuleta kodi mbili ambazo hazijakamilika. Anayeogopa kuibiwa anakaa nazo nyumbani. Mi nilipiga besi kwenye bendi moja ya hotelini miaka hiyo, kiongozi alikuwa anaandika kila kitu jina lake, na baada ya mwaka mmoja hakuna aliyekuwa analeta wazo mazoezini, tunasubiri tu tuambiwe tupige nini. Ile bendi ilikufa kimyakimya, na mpaka leo inaniuma kwa sababu wale vijana walikuwa na vipaji kweli.

Ila sitaki nikudanganye kwamba usawa wao ulikuwa wa mizani ya dukani. Kila mmoja alikuwa na uwezo wa kukataa jambo likakataliwa, hiyo ni kweli, lakini Buck mwenyewe alishakiri kwamba Stipe asipoupenda muziki fulani ni nadra kumshawishi auandikie maneno, na wimbo usio na maneno haufiki popote. Kwa hiyo mwimbaji ana nguvu zake za asili hata mkigawana sawa. Hilo mlikubali tu. Tofauti ni kwamba kwao ile nguvu haikugeuzwa kuwa hela wala kuwa jina.

Sasa tuje kwenye kuondoka kwake. Berry hakufukuzwa na hakugombana na mtu. 1994 walitoa Monster, albamu ya magitaa yenye kelele, na Berry ndo alikuwa amesisitiza kwamba kama wanarudi barabarani basi wapige roki kwelikweli. Ziara ikaanza 1995. Tarehe 1 Machi, Lausanne huko Uswisi, akiwa anapiga, kichwa kikamuuma ghafla maumivu ya kutisha, kumbe mshipa wa damu kwenye ubongo umepasuka. Akafanyiwa upasuaji, Mungu akamsaidia akapona, na Mei walikuwa wamerudi stejini. Mwezi wa 7 Mills naye akapasuliwa tumbo, mwezi wa 8 Stipe akafanyiwa upasuaji wa ngiri. Ziara ile ilikuwa kama ina mkosi, lakini waliimaliza, na katikati ya hayo yote wakawa wanarekodi nyimbo mpya kwenye mazoezi ya mchana kabla ya shoo, ndo ikatoka New Adventures in Hi-Fi, 1996. Kwangu hiyo ndo albamu yao bora, najua wengi watasema Automatic, sawa, lakini humu unawasikia wanne wakiwa wamechoka na wamekomaa na bado wanaaminiana. Mwaka huohuo wakaachana na meneja wao Holt, na mwanasheria wao Bertis Downs akabaki kuwasimamia, wakasaini upya na Warner mkataba ambao uliripotiwa kuwa wa dola milioni 80 kwa albamu tano.

Oktoba 1997 wako tayari kuanza kurekodi, Berry akawaambia nataka kuacha. Alikuwa amechoka maisha ya safari, anataka kukaa nyumbani. Lakini aliweka sharti, na hili sharti ndo linaonyesha walivyokuwa: kama kuondoka kwangu kutavunja bendi, basi siondoki. Yaani alikuwa radhi kubaki mahali ambapo roho haipo ili tu asiwaharibie wenzake. Nao wakamwambia nenda, tutaendelea. Akaenda kulima shamba lake huko Georgia, na Stipe akasema kwamba mbwa wa miguu mitatu bado ni mbwa, inabidi tu ajifunze upya kukimbia.

Kujifunza huko kulikuwa kugumu kuliko walivyodhani. Hawakumweka mpiga drams mwingine kama mwanabendi, waliajiri wapigaji na kutumia mashine, na wakati wa kurekodi Up, 1998, walikaribia kuvunjika. Nadhani sababu haikuwa mdundo tu. Wanne walikuwa wameshazoea kusawazishana, ukitoa mmoja wanabaki watatu, na wote watatu wenye misimamo. Albamu zilizofuata zina nyimbo nzuri, lakini Around the Sun ya 2004 ilikosa nguvu na Buck mwenyewe alishasema wazi haipendi. Bill Rieflin akaja kupiga drams nao toka 2003 mpaka mwisho, mpigaji mzuri sana, alifariki 2020. Accelerate ya 2008 iliwarudisha, dakika 34 tu zisizo na kitu cha ziada, wakaenda Dublin wakapiga nyimbo mpya mbele ya watu usiku tano kabla ya kuzirekodi ili waone zinasimama au hazisimami. Hilo unaweza kuliiga hata kesho, halihitaji hela.

Collapse into Now ikatoka 2011, mkataba wa Warner umeisha, wakaangaliana wakaona kazi imetimia. Tarehe 21 Septemba 2011 wakatangaza wameacha. Hakuna kesi, hakuna wanasheria kuvutana, na mpaka leo hawajarudi kufanya ziara ingawa hela wangepewa yoyote wanayotaja. Juni 2024 waliingizwa kwenye jumba la heshima la watunzi wa nyimbo, New York, wote wanne, Berry akiwemo, wakasimama wakapiga Losing My Religion. Mtangazaji alikuwa amewauliza kitu gani kitawarudisha, Mills akajibu: kimondo. Na heshima ile ilikuwa ya watunzi, mdogo wangu, watunzi, na mpiga drams alikuwa mmoja wao kwa haki kamili kwa sababu ya makubaliano ya vijana wa miaka ishirini na kidogo waliokuwa wanakula kwa dola 2.

Kwa upande wenu: kaeni wanne kabla hamjatoa hizo nyimbo sita, siyo baada. Kabla hela haijaja mtu anakubali kirahisi, ikishaingia hata laki tano kila mtu anakumbuka alichofanya yeye. Muulizeni mwimbaji swali moja, zile nyimbo angezipeleka studio na bendi nyingine zingekuwa hivi zilivyo? Kama hazitakuwa basi kuna kitu chenu humo. Mkikubaliana, andikeni karatasi, sainini wote, na mkienda kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, majina manne yaandikwe pale kwenye watunzi, kwa alfabeti kama wale jamaa ili pasiwe na wa mbele. Kama atakataa kabisa, angalau mgawane muziki watatu na maneno yabaki yake, ni nusu ya haki lakini siyo sifuri. Na we mwenyewe usiende kwenye hicho kikao mikono mitupu. Nenda na kodi zako mbili.